Nyama ya soya kwenye pilau, sambusa, makange na mishkaki: inapong'ara na inapoangusha

Nyama ya soya inauzwa kwa sura tatu: vipande vikubwa vya kama kidole gumba, vipande vidogo, na ile ya chenga inayoiga nyama ya kusaga. Iko kwenye pakiti madukani, na masokoni unapimiwa kwa kilo. Wasabato wameisifu kwa muda mrefu, waliofunga Kwaresima wanaikumbuka kila mwaka, na siku hizi inatafutwa na walioacha kabisa nyama, maziwa, mayai na samli. Malalamiko yake hayabadiliki: haina ladha, inanuka maharage, inateleza mdomoni, au katikati imebaki ngumu. Yote manne ni ya kweli, na yote manne yanatoka jikoni kuliko kiwandani.

Hapa tunaipima kwa vyakula ambavyo mtu akiacha nyama ndivyo vinavyomrudisha nyuma. Hukumu kwa ufupi: kwenye sambusa inashinda bila ubishi, makange inakaribia sana, pilau inapita ikiwa mpishi anajua ladha ya pilau inatoka wapi, mishkaki inataka subira, na supu ya asubuhi usijisumbue.

Kwanza ujue unachonunua. Soya hukamuliwa mafuta, kisha unga unaobaki hulowanishwa na kusukumwa ndani ya mtambo wenye joto na shinikizo kubwa. Unapotokea kwenye tundu la mtambo, maji yaliyomo yanageuka mvuke ghafla, unga unavimba na kuacha nyuzi na matundu. Njia hiyo ilipata hataza Marekani mwaka 1970, chini ya kampuni ya Archer Daniels Midland, na mpaka leo kazi ni ileile. Kinachobaki ni protini, karibu nusu ya uzito wote, pamoja na wanga na nyuzinyuzi. Mafuta ni kama asilimia 1. Chumvi ni kama hakuna.

Sasa linganisha na kipande cha nyama ya ng'ombe chenye mafuta kidogo na mfupa. Kile kinaingia sufuriani na mafuta yake, ute wake unaonata midomoni, na utamu wake wa supu. Soya inaleta utafunaji tu. Kwa hiyo mapishi ya nyama hayahamishwi yalivyo; vitu vitatu lazima uvilete mwenyewe: chumvi ya kuingia ndani, mafuta, na kitu cha kutoa ladha nzito, iwe uyoga, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia au soya sosi. Ukisahau kimoja, mlaji hatakwambia kilichokosekana. Atakwambia tu kwamba hiyo siyo nyama.

Kulowesha ndiko kunakoharibu sahani nyingi. Kwa gramu 150 za vipande vikubwa, chemsha lita 1 na nusu ya maji, tia vijiko 2 vya chai vya chumvi na kipande cha tangawizi kilichopondwa, mimina vipande na viache vichemke dakika 10. Zima moto, funika, subiri dakika 10 nyingine. Vinaelea, kwa hiyo vikandamize na sahani, la sivyo upande wa juu unabaki mkavu. Kata kimoja katikati: ukiona kiini cheupe kikavu, bado. Ya kusaga haihitaji kuchemshwa. Maji ya moto na dakika 10 zinatosha.

Kisha mwaga maji hayo yote. Hapa wengi wanakosea kwa kufikiri wanatupa supu. Maji hayo yamebeba harufu ya maharage pamoja na sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi, hayana faida kwenye chakula chako. Suuza kwa maji baridi, kamua kwa viganja, suuza tena, kamua tena, mpaka maji yanayotoka yasiwe na povu. Kamua kwa nguvu. Kipande ni kama sifongo: kikiwa kimejaa maji, viungo havina pa kuingia, na kwenye mafuta ya moto kitarusha matone na kuchemka badala ya kukaangika. Gramu 150 kavu zikishakamuliwa vizuri zinakaribia gramu 400 au zaidi kidogo.

Mambo mawili usiyafanye katika hatua hii. La kwanza, usitie ndimu, siki, ukwaju wala nyanya kwenye maji ya kulowesha. Uchachu unaifanya protini ya soya ijikaze na kuchelewa kunywa maji. Ndiyo sababu anayetupa vipande vikavu moja kwa moja kwenye mchuzi wa nyanya hupata vipande vigumu hata baada ya nusu saa ya moto. Uchachu una nafasi yake, lakini baada ya kulainika. La pili, usitie magadi. Kweli vinalainika haraka, ila vinakuwa kama uji ndani na vinaacha ladha ya sabuni ambayo hakuna kiungo kitakachoifunika.

Baada ya kukamua, vionje viungo mara moja, vingali na njaa: vijiko 2 vya chakula vya soya sosi, kijiko 1 cha kitunguu saumu kilichotwangwa, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, na vijiko 2 vya chakula vya mafuta. Vichanganye kwa mkono, ukivibonyeza na kuviachia ili vinyonye. Nusu saa inatosha. Usiku mzima kwenye friji ni bora zaidi. Wenye haraka wanaruka hatua hii, halafu wanailaumu pakiti.

Pilau ndilo jaribio gumu, kwa sababu pilau ya nyama haipati utamu wake kwenye vipande vya nyama. Inaupata kwenye supu iliyochemshia nyama. Kwa hiyo swali la kwanza si soya utaikaanga vipi. Ni supu utaitoa wapi.

Kwa mchele nusu kilo na soya gramu 150, jibu ni uyoga. Gramu 20 za uyoga mkavu ziloweke kwenye maji ya moto nusu saa, uchuje, na maji hayo ndiyo msingi wa supu. Usipopata mkavu, chukua vikonyo vya uyoga wa mamama, vikatekate, vikaange kwenye mafuta kidogo mpaka viwe kahawia iliyokolea, tia maji lita 1, chemsha dakika 20 na maganda makavu ya kitunguu yaliyooshwa kwa ajili ya rangi, kisha chuja. Unahitaji kama mililita 750, na juu yake mililita 200 za tui zito. Tui halikai hapo kwa ajili ya ladha ya nazi. Liko badala ya mafuta ya nyama, na kwa kipimo hiki viungo vinalimeza. Ukiongeza zaidi utapata wali wa nazi wenye viungo, kitu kizuri, lakini si pilau.

Vitunguu maji 3 vikubwa vikate vyembamba, vikaange kwenye mililita 100 za mafuta kwa moto wa wastani. Pilau yenye soya haivumilii vitunguu vya rangi ya dhahabu. Vipeleke mpaka kahawia ya chokoleti, dakika 12 hadi 15, ukivigeuza muda wote mwishoni kwa sababu kutoka hapo hadi kuungua ni nusu dakika. Vikiungua, anza upya. Uchungu wake utatawala sufuria nzima. Toa nusu, viponde. Kwenye mafuta yaleyale kaanga vipande vya soya mpaka kingo ziwe na rangi, dakika 6 au 7, kisha vitoe pembeni.

Tia kitunguu saumu na tangawizi, kijiko 1 cha chakula kila kimoja, halafu bizari nyembamba kijiko 1 cha chakula, pilipili manga nzima kijiko 1 cha chai, iliki 6, karafuu 6 na kijiti cha mdalasini. Dakika 1 tu, mpaka harufu ipande. Weka viazi 3 vilivyokatwa, vitunguu vilivyopondwa, supu, tui na chumvi vijiko 2 vya chai. Ikichemka onja: supu iwe imezidi chumvi kidogo, kwa sababu mchele utaipunguza. Mchele uwe umelowekwa nusu saa na kuchujwa. Umimine, ukaribie kukauka kwa moto wa wastani, kisha ndipo urudishe soya juu, funika, punguza moto kabisa au weka makaa juu ya mfuniko, dakika 15.

Soya inarudi mwishoni kwa sababu ya wizi. Ukiichemsha pamoja na mchele tangu mwanzo, inakunywa supu iliyopimwa kwa mchele; unapata wali wenye kiini na vipande vilivyovimba vinavyoteleza. Ikirudi mwishoni inapata mvuke tu, na kingo zake zilizokaangwa zinabaki na utafunaji. Kwa utaratibu huu pilau inakuwa na rangi, harufu na uzito wa pilau, na kachumbari pembeni inamaliza kazi. Mla nyama wa siku zote atajua tofauti, hakuna haja ya kudanganyana, lakini atarudia sahani.

Sambusa ni habari nyepesi. Hapa nunua ya kusaga, usihangaike kukatakata vipande. Gramu 150 mimina maji ya moto mililita 300, chumvi kijiko cha chai, acha dakika 10, suuza kwenye chujio, kamua mpaka isidondoke. Kaanga kwenye vijiko 4 vya chakula vya mafuta, moto mkubwa, ukieneza kwenye kikaango bila kuigusa dakika 2 ili ya chini ishike rangi, ndipo ugeuze. Tia thomu, tangawizi, pilipili mbichi, kijiko cha chai cha bizari nyembamba na kijiko cha chakula cha soya sosi. Kausha mpaka usikie chenga zinakwaruza kikaango.

Tatizo la soya ya kusaga ni kwamba haishikani. Nyama ina mafuta yanayoganda na kufunga; soya inamwagika mlaji anapong'ata mara ya kwanza. Dawa ni kijiko 1 cha chakula cha unga wa dengu uliokaangwa mkavu mpaka ukanukia, au kiazi kimoja kidogo kilichopondwa. Zaidi ya hapo inageuka kachori. Ipoze kabisa kabla ya kutia vitunguu maji 2 vilivyokatwa vidogo na kotmiri nyingi. Ukitia ikiwa ya moto, vitunguu vinatoa maji, manda zinalowa na kupasukia mafutani. Funga kwa uji mzito wa unga wa ngano, kaanga kwenye mafuta ya moto wa wastani mpaka zikauke na kuwa za dhahabu. Kiasi hiki kinatoa sambusa ndogo kama 30. Ukikamulia ndimu, na pilipili ya kusaga ikiwa mezani, ni watu wachache watakaouliza kilichomo.

Mchanganyiko huohuo unafaa kwa katlesi. Badala ya kuzichovya kwenye yai, zichovye kwenye uji wa unga wa dengu, vijiko 4 vya chakula kwa maji vijiko 6, kisha kwenye chenga za mkate.

Makange nayo inaibeba soya vizuri, kwa sababu kwenye makange mlaji anafuata ukaango, hoho, ndimu na pilipili. Vipande vilivyokwisha kuonja viungo vipake vijiko 2 vya chakula vya konflawa, vikaange kwenye mafuta ya kutosha mpaka vipate gamba, dakika 4 au 5. Pembeni kaanga vitunguu na hoho kwa moto mkali ili vibaki na ukakamavu, tia nyanya 2 zilizosagwa na kijiko cha nyanya ya kopo, ukaange mpaka mafuta yajitenge. Ndimu mwisho. Changanya na soya dakika 1 tu na upakue papo hapo. Makange ya soya haisubiri mgeni aliyechelewa: baada ya robo saa gamba limenyonya rojo lote na sahani imekuwa mchuzi mkavu.

Mishkaki. Wengi wanaichoma soya kama wanavyochoma nyama, na wanakula vipande vikavu vya kukaba koo. Nyama juu ya mkaa inajilainisha kwa mafuta yake, na mafuta hayo yakidondokea makaa ndiyo yanayoleta moshi wenye harufu ya mishkaki. Soya haidondoshi chochote. Kwa hiyo mafuta yaingie kabla. Chagua vipande vikubwa kuliko vyote, vipike kwenye tui zito mililita 250 lenye thomu, tangawizi, pilipili, kijiko cha chai cha bizari na chumvi, moto mdogo, mpaka tui likauke na kuanza kutoa mafuta, kama dakika 15. Hapo ndipo utie kijiko cha chakula cha rojo la ukwaju. Tunga kwenye vijiti vilivyolowekwa maji, ukivibana vipande visiachane. Kwenye mkaa ni dakika 5 au 6, kwa ajili ya rangi na moshi tu, vimeshaiva. Vipake mafuta mara mbili, na baadhi yadondoke makusudi ili makaa yafuke.

Papai bichi liache. Linalainisha nyama kwa kuvunja misuli migumu; hapa misuli haipo, na unachopata ni uso wa kipande uliobomoka.

Kuhusu supu ya asubuhi na chapati: utamu wake ni mfupa na ute, na soya haina hata kimoja. Pakiti yote unaweza kuimaliza humo usipate kitu cha kufanana. Anayetaka cha moto asubuhi ana mbaazi za nazi na mahamri, mradi mahamri yasiwe na maziwa wala yai. Na kwa kweli kabla ya kununua chochote cha kuiga, meza ya Pwani ina mengi ambayo hayajawahi kuhitaji nyama: maharage ya nazi, kisamvu cha karanga, bhajia, kachori. Soya ni ya kuziba pengo pale ambapo mtu anataka pilau au sambusa mahsusi.

Ikishindana na wengine inakaaje? Uyoga wa mamama una ladha kuizidi na unachanika kama kuku, lakini unapungua sana sufuriani, protini yake ni ndogo, na haukai siku nyingi. Fenesi changa lina nyuzi nzuri kwenye mchuzi wa nazi, ila protini karibu hakuna, na utomvu wake unataka mikono iliyopakwa mafuta. Soya kavu gramu 50 zina protini kama gramu 25, karibu sawa na gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa. Kwa bei, usilinganishe kilo kwa kilo. Kilo moja kavu inatoa karibu kilo tatu zilizolowa, kwa hiyo gawanya bei ya soya kwa tatu ndipo uiweke karibu na bei ya buchani kwenu.

Kasoro ambazo upishi hautibu zipo. Haina vitamini B12, isipokuwa kama kiwanda kimeiongeza na pakiti inasema hivyo. Asiyekula kabisa vya wanyama aipate kwingine. Mwenye mzio wa soya asiiguse. Baadhi ya watengenezaji wanachanganya unga wa ngano, jambo la kusoma kwa anayekatazwa ngano. Soma vilevile viungo vya mchuzi vya vipande na vya unga unavyotia: vingine vina mafuta ya ng'ombe au unga wa kuku, na hapo juhudi yote ya kukwepa nyama imepita dirishani kwa kijiko kimoja.

Ukinunua ya kupimwa, nusa kabla hujalipa. Nzuri inanuka unga wa maharage kwa mbali tu, rangi ni ya maziwa iliyokolea kidogo, na vipande viwe vyepesi na vizima. Vumbi jingi chini ya gunia ni dalili ya mzigo uliokaa. Yenye rangi ya kahawia mara nyingi imetiwa rangi ya karameli, haina nyama wala ladha zaidi ya nyenzake. Nyumbani ihifadhi kwenye chombo kinachoziba, mbali na jiko, maana inavuta unyevu na wadudu wa nafaka wanaipenda. Iliyokwisha kuloweshwa na kukamuliwa inakaa friji siku 2 au 3. Kwenye friza inadumu wiki kadhaa, na ikiyeyuka ikamue tena kabla ya kuikaanga.